Laptopu Ndogo: Namna ya Kupima Wepesi wa Begi na Raha ya Kazi

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa netibuku ya inchi 10. Niliipenda tangu dukani. Unaishika kwa mkono mmoja kama daftari, inaingia kwenye mkoba wa kitambaa pamoja na kamusi, na abiria mwenzako kwenye daladala hajui umebeba nini. Siku ya tatu niliweka programu ya kutafsiria. Kikafunguka kisanduku cha mipangilio kilicho kirefu kuliko kioo. Maelezo nayaona, lakini vitufe vya kukubali na kughairi vimezama chini, huko ambako kioo kimekwisha. Nikavuta kisanduku juu, kikagoma. Mwishowe nikabonyeza Enta kwa imani.

Kioo kile kilikuwa na pikseli 1024 kwa 600, na waliotengeneza programu walidhani kila mtu ana angalau 768 za kwenda juu. Kwa mwaka mzima nilifanya kazi nikisogeza kurasa juu na chini kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Bega lilipona, shingo ikaanza.

Tangu hapo nimenunua na kuuza laptopu ndogo kadhaa, nyingi za mtumba, na nimewasindikiza ndugu na jirani Kariakoo kuchagua za kwao. Karibu kila mmoja huanza na swali lile lile: "Ipi ni nyepesi?" Mimi siku hizi humuuliza kwanza ataifungulia wapi, na kwa saa ngapi. Udogo mwingine unapunguza mzigo kweli. Mwingine unauhamisha tu kutoka begani hadi machoni na vidoleni, na huo hauonekani dukani.

Hatua ya 1: Hesabu dakika za kubeba na saa za kukaa

Kabla ya kutazama bei, chukua karatasi na uandike kwa wiki moja mambo matatu: dakika unazobeba begi, saa unazoandika ukiwa mezani pako pa kila siku, na saa unazoandika ukiwa kwingine.

Kwangu hesabu ilitoka hivi: dakika 70 hivi za kubeba kwa siku, yaani kutembea hadi kituoni, kusimama kwenye daladala na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Saa sita za kuandika, nne kati ya hizo mezani pale pale, mbili popote penye kiti. Nilipoziona tarakimu hizo nilishangaa. Nilikuwa nimechagua mashine kwa ajili ya dakika 70, nikaisahau kazi ya saa sita.

Kama laptopu yako husafiri kutoka chumbani hadi sebuleni, nunua ya inchi 15.6 na uachane na mwongozo huu. Itakuwa na kilo mbili hivi, na haitakudhuru. Mwandishi wa habari, afisa ugani, wakala wa bima, mwanafunzi anayehama kumbi nne kwa siku, hao ndio wanaohitaji kusumbuka na gramu.

Andika pia unaifungulia juu ya nini. Viti vya ukumbini vyenye kibao cha mkono havina nafasi ya inchi 15. Kwenye basi la mikoani tatizo halisi ni abiria wa mbele akilaza kiti, kifuniko cha laptopu kikabanwa ukakosa pembe ya kusomea. Kwenye boti ya Zanzibar utaiweka mapajani, na hapo tableti yenye kibodi ya kubandika na kiegemeo cha nyuma itakusumbua, kwa sababu kiegemeo kinataka sehemu ngumu ya kukanyagia. Nimewaona watu wakiishikilia kwa magoti kama mtoto anayetaka kuteleza.

Hatua ya 2: Pima begi zima

Uzito unaotangazwa na kiwanda ni "kuanzia": yaani toleo jepesi kuliko yote, lenye betri ndogo na kioo kisicho cha kugusa. Tena haumo uzito wa chaja. Nenda duka la nafaka mtaani, mwombe mwenye duka akupimie kwenye mizani laptopu, kisha chaja na waya wake, kisha begi lilivyojaa. Atakucheka, lakini atakupimia.

Chaja za zamani za wati 65 au 90, zikiwa na ule waya mnene wenye plagi ya pini tatu, zinaweza kuwa na gramu 300 hadi 500. Ongeza kipanya, adapta za kuunganishia projekta, flashi na chupa ya maji. Ndiyo maana laptopu ya kilo 1.1 isiyomaliza siku bila chaja inaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko ya kilo 1.35 ambayo chaja yake inabaki nyumbani.

Wala usidhani ndogo ndiyo nyepesi. Sokoni kwetu zimejaa laptopu za inchi 11.6 zilizotengenezwa kwa ajili ya shule za Ulaya na Marekani: kingo za mpira, bawaba zinazokunjuka mgongo kwa mgongo, kioo cha kugusa. Zimeundwa zistahimili kuangushwa na watoto, kwa hiyo nyingi hufika kilo 1.4. HP EliteBook 830 G5, yenye kioo cha inchi 13.3, inaanzia kilo 1.33. Umebeba kioo kidogo na uzito ule ule. Tableti nazo zina mtego wake: iPad Pro ya inchi 12.9 ni nyepesi hadi uibandike kibodi yake rasmi, hapo zote mbili hupita kilo 1.3. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ina kilo 1.29.

Hatua ya 3: Tazama kimo cha kioo, achana na inchi

Inchi zinazotajwa dukani ni za mshazari, kutoka kona hadi kona. Kazi yetu nyingi, barua, ripoti, kurasa za intaneti, majedwali, inashuka kutoka juu kwenda chini. Unachohitaji ni kimo, na kimo kinategemea umbo la kioo. Nimevipiga hesabu vile vinavyopatikana zaidi:

- inchi 11.6 ya umbo la 16:9 (upana 16 kwa kimo 9): upana sm 25.7, kimo sm 14.4
- inchi 12.5 ya 16:9: upana sm 27.7, kimo sm 15.6
- inchi 13.3 ya 16:9: upana sm 29.4, kimo sm 16.6
- inchi 14 ya 16:9: upana sm 31, kimo sm 17.4
- inchi 12.4 ya 3:2: upana sm 26.2, kimo sm 17.5
- inchi 13.5 ya 3:2: upana sm 28.5, kimo sm 19
- inchi 15.6 ya 16:9: upana sm 34.5, kimo sm 19.4

Tazama mstari wa 13.5 na wa 15.6. Kimo kinakaribiana kabisa, ilhali ile ya 13.5 ni nyembamba kwa sentimita sita. Na ile ya inchi 12.4 inaipita ya inchi 14 kwa kimo. Umbo la 16:9 lilifuata filamu na televisheni. Kwa anayeandika, 3:2 au 16:10 ni rafiki zaidi. Vioo vya 3:2 utavikuta kwenye Surface Laptop za Microsoft, na 16:10 kwenye MacBook na kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni.

Karatasi ya A4 ina sm 21 kwa 29.7. Nenda nayo dukani. Ukiilaza juu ya laptopu iliyofungwa ikaifunika yote au ikabakiza ukingo mwembamba, mashine hiyo itaingia kwenye begi lolote linalobeba daftari kubwa. MacBook ya inchi 12 ya mwaka 2015 ilikuwa ndogo kuliko A4, sm 28.05 kwa 19.65, na kilo 0.92.

Hatua ya 4: Usidanganywe na wingi wa pikseli

Muuzaji atakwambia: "Hii ni Full HD, utaona vitu vingi." Kweli, 1920 kwa 1080 ni nyingi kuliko 1366 kwa 768. Lakini kwenye kioo cha inchi 12.5 au 13.3 maandishi ya Full HD huwa madogo kama ya kijikaratasi cha dawa, na Windows yenyewe mara nyingi huyakuza kwa asilimia 150. Gawanya sasa: 1920 kwa 1.5 ni 1280. 1080 kwa 1.5 ni 720. Nafasi ya kazi imekuwa ndogo kuliko ya kioo duni cha 1366 kwa 768! Umepata herufi laini zaidi, jambo zuri kwa macho, ila safu za Excel zimepungua.

Ukishusha ukuzaji hadi asilimia 125, unapata nafasi sawa na 1536 kwa 864. Hicho ndicho kipimo changu kwenye inchi 12.5, na naona wengi wenye macho mazima wanakiweza. Mwenye umri wa miaka zaidi ya 45 ajaribu dukani, si kwa kusoma neno moja, bali ukurasa mzima akiwa amekaa. Fungua faili lako la Excel kutoka kwenye flashi, hesabu safu unazoziona kwa 100, kwa 125, kwa 150. Hapo utajua unanunua nini.

Kitu kingine ni aina ya kioo. Laptopu nyingi za kazi za mwaka 2012 hadi 2017 zilitoka na vioo viwili tofauti kwa jina lile lile la mashine: cha TN, ambacho ukiinamisha kidogo rangi zinageuka kama picha ya eksirei, na cha IPS, kinachoonekana kutoka pembe zote. Inamishe nyuma, simama pembeni. Ukiona weusi unageuka kijivu, hicho ni TN, na kwenye basi ambako huchagui pembe utajuta.

Hatua ya 5: Kibodi

Hapa sitakuwa na haraka, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia.

Kibodi ya kawaida ina milimita 19 kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata. Vidole vyako vimezoea umbali huo, hata kama hujawahi kuupima. Mwaka 1995 IBM waliona kibodi ya namna hiyo haiingii kwenye mashine yenye kioo cha inchi 10.4, basi wakatoa ThinkPad 701, ambayo kibodi yake iligawanyika vipande viwili: ukifungua kifuniko vinateleza na kuungana, vikitokeza nje ya mwili wa mashine kama mbawa. Miaka 12 baadaye, Asus walipotoa Eee PC ya inchi 7 iliyoanzisha wimbi la netibuku, wao waliifinya tu. Mtu mzima aliandika kwa vidole viwili.

Kuanzia inchi 12.5 kwenda juu, kibodi kamili inaingia bila kufinywa. Chini ya hapo viwanda vingi hukata mahali, na hukata zaidi upande wa kulia: vitufe vya karibu na Enta, vya alama na mishale. Kwa Mwingereza hiyo ni kero ndogo. Kwetu ritifaa, ile alama ya ('), iko upande huo huo, na bila ritifaa hakuna ng'ombe, hakuna kung'aa, hakuna ving'amuzi. Ukijaribu kibodi andika sentensi zenye ng' nyingi. Ukikosea moja kati ya tano, weka chini.

Halafu kuna lugha ya kibodi. Mitumba hutoka nchi nyingi. Ikitoka Ujerumani, Y na Z zimebadilishana. Anayeandika bila kutazama ataandika "nzumba za jirani" akimaanisha nyumba moja tu, na programu haitakisahihisha kile kiunganishi kwa sababu "za" ni neno halali. "Habari za asubuhi" itatoka "habari ya asubuhi", wala hutagundua kosa lolote. Ikitoka Ufaransa, A iko mahali pa Q, na Kiswahili bila A ni kama pilau bila mchele: baba anakuwa bqbq. Msomaji wa Bukavu au Bujumbura aliyezoea mpangilio huo wa Kifaransa ataona sisi ndio tuliopinda. Unaweza kubadilisha mpangilio kwenye mipangilio ya kompyuta na kubandika stika, na fundi atakwambia "kazi ndogo". Ila stika hubanduka kwa jasho, na umbo la Enta na Shifti halibadilishwi na stika.

Angalia pia kina cha kitufe. Wembamba wa mashine hulipiwa hapa. MacBook ile ya inchi 12 ilikuwa na vitufe vinavyozama nusu milimita tu, na aina hiyo ya kibodi ilileta malalamiko mengi ya vitufe kukwama hadi Apple wakaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018. Kama una nia nayo kwa sababu ya wepesi wake, bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, hata F10. Vumbi la kwetu halina huruma.

Jaribio lenyewe: omba kiti, fungua Notepad, andika kwa dakika tano mfululizo kitu unachokijua kwa moyo. Usiandike umesimama kwenye kaunta. Dakika ya kwanza kila kibodi ni nzuri. Angalia mabega yako dakika ya nne: yakiwa yamejikunja kuelekea kidevuni, mashine ni nyembamba kwako.

Taa ya chini ya vitufe ni anasa hadi umeme ukatike saa mbili usiku. Surface Laptop Go, ile ya inchi 12.4 niliyoisifia kimo, haina.

Hatua ya 6: Betri na namna ya kuichaji

Mashine ya mtumba, fungua Command Prompt mbele ya muuzaji uandike: powercfg /batteryreport. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili. Lifungue, tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa leo. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 na ya pili 31,000, betri imebaki na asilimia 65 hivi. Tarakimu hizo ni za mWh: zigawe kwa 1,000 upate saa-wati, yaani wati ngapi kwa saa ngapi. Sasa gawanya: laptopu ndogo ikiandika kwa mwanga wa wastani hula kama wati 6 hadi 8. Saa-wati 31 kwa wati 7 ni saa nne na ushee. Linganisha na zile saa zako za "kwingine" kutoka Hatua ya 1. Kama zinatosha, chaja ibaki nyumbani.

Kwa wanaoishi kwenye umeme wa kubahatisha, ThinkPad X240 hadi X270 zina jambo ambalo wengine waliliacha: betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma unaibadilisha bila kuzima mashine, mradi ya ndani ni nzima. Iko ya nyuma ndogo isiyotokeza na iko kubwa ya saa-wati 72 inayoinua mashine kama kiatu chenye kisigino. Inaongeza uzito. Siku ya semina ya kutwa kijijini hutaulaumu.

Kama mashine inachajiwa kwa USB-C, na nyingi za kazi za kuanzia 2018 hivi huchajiwa hivyo, chaja moja ndogo inatosha simu na laptopu. Pawabenki nayo inawezekana, lakini si ile ya kawaida ya simu. Iwe na USB-C ya kutoa wati 45 au zaidi. Ya mAh 20,000 ina saa-wati 74 kwenye karatasi, na baada ya upotevu wa njiani ukipata 50 shukuru. Kwa wanaosafiri kwa ndege, saa-wati 100 ndiyo mpaka wa kawaida, na inabebwa mkononi, haiingii kwenye mizigo ya chini.

Hatua ya 7: Kilichomo ndani

Tutapita haraka. RAM iwe GB 8. Nne ni ya kuvumilia. Uliza kama inaongezeka: ThinkPad X270 ina nafasi moja ya RAM, EliteBook 830 G5 ina mbili, X280 imechomelewa na uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Diski iwe SSD. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa za inchi 11 huja na eMMC ya GB 64, hifadhi iliyochomelewa na ya taratibu, na masasisho ya Windows peke yake yataijaza.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea. Soma jina: i5-8250U ni ya nane, i5-7300U ni ya saba. Kwa hiyo X270 na EliteBook 820 G4, ambazo ni mashine ngumu na sasa bei zake zimelala, ziko nje ya mstari. X280 na 830 G5 ziko ndani. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Mimi kwenye mashine hizo naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na maisha yanaendelea. Chromebook zina tarehe yake ya kuisha masasisho, imeandikwa kwenye mipangilio. Isome kabla ya kulipa.

Zisizo na feni zina utulivu wa kupendeza, lakini mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, zikizidiwa na kazi hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Kwa kuandika hutaona tofauti. Kwa kuhariri video utaona.

Hatua ya 8: Tengeneza meza ya nyumbani

Hii ndiyo iliyonimalizia ugomvi. Zile saa nne za mezani si lazima uzitumie kwenye kioo kidogo. Monita ya mtumba ya inchi 22, kibodi ya kawaida ya USB na kipanya, ukizipata kwa pamoja, mara nyingi ni rahisi kuliko tofauti ya bei kati ya laptopu nzuri ndogo na nzuri kubwa. Laptopu unaiweka juu ya vitabu vinne, unaunganisha waya mmoja, na kioo kidogo kinabaki cha safari tu.

Ila angalia matundu kabla. EliteBook 820 G3 ina matundu ya picha ya DisplayPort na VGA (lile la zamani), haina HDMI. X270 ina HDMI na USB-C. Si kila USB-C hutoa picha. Leta waya wako ujaribu pale pale. Na kama unafundisha au unatoa mada kwenye kumbi zetu, projekta nyingi bado ni za VGA, basi adapta yake iingie kwenye hesabu ya begi, pamoja na bei. MacBook ya inchi 12 ina tundu moja la USB-C kwa kila kitu: ukichaji, umemaliza.

Hatua ya 9: Chagua kwa tarakimu zako

Ukiwa na saa za "kwingine" chini ya mbili na meza imara nyumbani, inchi 12.5 inakutosha: Dell Latitude 7290 au ThinkPad X280, zote karibu na kilo 1.2. Ukiandika saa tatu au zaidi nje ya meza, panda hadi 13.3 au 13.5, na ukipata 3:2 ichukue hata kwa kuongeza kidogo. Mhasibu asiye na meza ya kudumu asinunue chini ya inchi 14, na kama anaingiza tarakimu kutwa, kibodi ndogo ya namba ya USB ni bora kuliko kubeba mashine ya 15.6 kwa sababu ya zile namba za pembeni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetaka kusoma PDF na kuandika kazi za darasani, EliteBook 830 ndiyo jibu langu la kila mara. Dada yangu mdogo nilimpa hiyo hiyo na hajaniletea malalamiko, ambayo kwake ni maajabu.

Inchi 11.6 na kushuka? Kama mashine ya pili, sawa. Kama pekee, hapana.

Hatua ya 10: Siku ya kununua

Iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue mjini Nairobi, ambako watakwambia ni "ex-UK", yaani mtumba wa Uingereza, nenda mchana, na usiende na haraka. Begi lako, A4 yako, flashi yenye faili zako, waya wa picha. Fungua picha nyeupe kioo kizima utafute madoa na pikseli zilizokufa. Fungua na ufunge kifuniko mara kumi ukisikiliza bawaba. Jaribu kamera, spika, kila tundu la USB, na Wi-Fi kwa hotispoti ya simu yako. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uone kama haijafungwa kwa nywila. Omba mashine ifutwe na kuanzishwa upya kama mpya ikiwa imeunganishwa na intaneti: ikitaja jina la kampuni au ikidai akaunti ya mtu mwingine, rudisha. Rafiki yangu alishawahi kuuziwa MacBook nyepesi, nzuri, iliyofungwa na akaunti ya mmiliki wa kwanza. Duka lilikuwa limeshahama alipoirudisha.

Mwisho, iweke begini pamoja na chaja yake, valia begi, na utoke nayo hadi mlangoni na kurudi huku kijana wa duka akikusindikiza. Kisha kaa, andika zile dakika tano. Ukiridhika, dai risiti yenye namba ya mashine na siku za kuirudisha zilizoandikwa kwa kalamu, maana zile za kusemwa kwa mdomo huisha ukivuka barabara.